Mwalimu Aliyetuokoa na Theluji

Watu wa kwetu walipotaka kumtaja bila kumtaja, walishika kola ya nguo na kuivuta hadi masikioni. Ilitosha. Kila mtu alijua anayesemwa ni Mwalimu, kwa sababu koti lake la sufu, aliloachiwa na mmisionari mmoja aliyekuwa anarudi kwao, hakulivua jua liwake au mvua inyeshe. Nilimjua nikiwa msichana wa darasa la kwanza. Nikaendelea kumjua nilipoolewa palepale na kupewa shamba chini ya kilima cha shule yake. Mara ya mwisho nilimwona akiwa mzee wa kuota jua. Kwa hiyo nina haki ya kumsema, na leo nitamsema, na mdomo ninaomsemea ni yeye aliyeunoa. Wazee wetu walidai msichana akijua kusoma atakataa kupalilia. Yeye alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia kwamba palizi yenyewe huenda haraka zaidi mkononi mwa mtu aliyesoma. Ulikuwa uongo, lakini ulinifaa. Mtu huyohuyo ndiye aliyewanyima wanangu chakula kwa sababu ya theluji ambayo Njombe haijapata kuiona.

Mgeni lazima aambiwe kwanza habari ya baridi yetu. Mwezi wa sita na wa saba, ukiamka asubuhi, unakuta majani ya bondeni yamekuwa meupe. Ni umande ulioganda. Kiswahili cha vitabuni kinaita sakitu. Sisi tulisema tu kwamba leo imepiga. Ikipiga, majani ya viazi yanaungua na kuwa meusi, na watoto wachungaji wanamwamsha ng'ombe aliyelala ili wasimame pale alipopaacha na joto. Jua likipanda kidogo, yote inayeyuka, nyasi zinabaki zimelowa, na watu wanaendelea na shughuli zao. Hatukuwahi kuiogopa zaidi ya hapo. Mwalimu ndiye aliyetufundisha kuiogopa, na alitufundisha kwa Kiswahili sanifu.

Alikuwa na kitabu cha jiografia. Ndani yake mlikuwa na sura ya watu wanaoishi kwenye milima ya theluji: jinsi inavyorundikana wakati wa baridi, jinsi inavyoporomoka na kufunika nyumba, na jinsi mwisho wa baridi, jua linaporudi, inavyoyeyuka kwa pamoja, mito ikafurika na kubeba madaraja, ng'ombe na watu wasiosikia. Kitabu hakikukosea, kiliwasema watu wa huko. Balaa ni kwamba Mzungu mmoja mpita njia aliwahi kumwambia Mwalimu, "Njombe iko sawasawa na kwetu." Mwalimu hakujua kwamba Mzungu husema hivyo kila anapokuta viazi na ukungu mahali pamoja. Alilichukua neno lile akaliweka kifuani, na tangu siku hiyo kila kilichoandikwa juu ya kwao na yule Mzungu kikawa kimeandikwa juu yetu.

Somo la theluji lilikuja kila mwaka, na alilifundisha kwa unga. Alileta ungo uliojaa sembe kutoka jikoni kwa mkewe, akapanda juu ya meza, akaunyunyiza polepole juu ya vichwa vyetu huku akisema, "Inaanguka bila sauti. Inaanguka bila sauti." Sisi tulikuwa tumetoka nyumbani bila kula. Tulitoa ndimi. Somo lilipokwisha theluji yote ilikuwa imelambwa, na Mwalimu akauliza tumejifunza nini. Mwenzangu mmoja akajibu kwamba theluji ni nzuri ila inataka chumvi. Akachapwa. Mkewe Mwalimu aliposikia, alicheka mpaka akakaa chini, na mwaka uliofuata akatoa ungo wa majivu. Mwaka huo hakuna aliyefungua kinywa.

Kanisani tulikwenda kwa kamba. Sakitu ikipiga siku ya Jumapili, alitufunga viunoni, mmoja nyuma ya mwenzake, kwa kuwa wapanda milima wa kitabuni walifungwa hivyo ili mmoja akiteleza wengine wamshike. Kitabu hakikusema kwamba wa mbele ni mtoto mnene wa Jumbe. Alipoteleza hatukumshika sisi. Alitushika yeye, akashuka nasi wote hadi kwenye tope la mtoni. Tuliingia ibadani na matope kwenye nyusi, na Mwalimu akamweleza mzee wa kanisa kwamba zoezi limefaulu, kwa sababu waliofungwa kamba wamefika wote.

Na kelele. Alikataza mtu asipige kelele kwenye mteremko wakati wa baridi, maana kelele ndizo zinazoporomosha theluji. Sasa mchungaji asiyepiga kelele ni mchungaji wa nini? Siku moja kaka yangu alipiga mluzi pale kilimani. Mwalimu alitoka mbio, koti linapepea, akamshika bega na kumwuliza kwa kunong'ona kama amekusudia kuua kijiji kizima. Kaka naye akamjibu kwa kunong'ona kwamba ng'ombe wameshaingia kwenye viazi vya shule.

Msidhani alikuwa mwoga. Mwoga hukimbia, yeye alikuwa anaikimbilia hatari. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka mmoja mvua ya mawe ilianguka mpaka uwanja wa shule ukawa mweupe wote. Sisi tuliingia chini ya madawati. Yeye alitoka nje kichwa wazi, mikono ameinua, akisema, "Imekuja. Imekuja." Jiwe moja la mvua likamkuta utosini, akarudi ndani ana nundu, anacheka peke yake. Mkewe alipomgombeza kwa nini hakungoja ipungue, alijibu, "Mtu akifundisha kitu miaka yote bila kukiona, siku kikija hangoji." Mimi mtoto nilielewa kabisa. Nilimpenda kwa neno lile, na bado nampenda kwalo.

Alikuwa na misemo yake, na ilibidi tuiandike kwa mwandiko wa kuunga. "Hatari haipigi hodi." "Anayecheka hajasoma." Uliotuchekesha zaidi ni huu: "Mtu aliyejiandaa hafi, na akifa, amekufa vizuri." Mama mkwe wangu, ambaye hakusoma hata siku moja, aliuliza kufa vizuri ni kufa namna gani, na maiti gani ilirudi kusema.

Halafu kulikuwa na Mwalimu wa pili ndani ya koti lilelile. Katika asubuhi za sakitu aliamka kabla ya watu, akachemsha maji kwenye pipa, na watoto walipofika na miguu iliyopasuka aliwaketisha kwenye benchi, akawaosha mmoja mmoja na kuwapaka mafuta ya ng'ombe. Kengele ya shule ingoje. Aliyekuja na damu kwenye visigino hakuulizwa hesabu siku hiyo. Kazi hiyo aliifanya kimya, na akiwa anaosha alizungumza nasi kwa Kibena, yeye ambaye akikusikia unasema "Kamwene" uwanjani badala ya "Habari za asubuhi" alikutandika. Nilimwuliza siku moja mbona yeye anaruhusiwa. Akasema miguu haijasoma bado.

Alikuwa pia mzee wa kanisa aliyehubiri dhidi ya pombe kwa ukali kuliko mchungaji. Lakini masika, mianzi ikigemwa, alikunywa ulanzi. Alieleza kwamba ulanzi uliogemwa leo ni mtogwa, maji matamu ya mmea, na maji ya mmea hayakukatazwa kwenye Maandiko. Kweli, mtogwa wa asubuhi hauleweshi. Tatizo ni kwamba asubuhi yake ilifika hadi saa kumi na moja jioni, na kwa saa hiyo mtogwa huwa umeshabadili tabia. Tulijua tu kwa sababu akishafika hapo aliimba nyimbo za Krismasi.

Basi, mimi nikaolewa. Mume wangu, baada ya mtoto wa pili, alikwenda Tanga kukata mkonge kama walivyokwenda nusu ya wanaume wa kwetu, akaniacha na watoto, mama yake, na kinyungu. Asiyejua kinyungu, ni bustani ya bondeni, pale penye unyevu ambapo mwanzi na matete humea. Mwezi wa sita na wa saba unafyeka, unachimba mifereji maji yapungue, unainua matuta. Mwezi wa nane sakitu ikishapita unapanda mahindi, maharage na maboga, wakati mlimani ardhi imekauka kama kigae. Mwezi wa kumi na mbili, ghala la kila mtu linapobaki na panya tu, na mahindi ya mlimani bado yako magotini, wewe unachuma bondeni na watoto wako wanakula. Mto wetu ukifurika hufurika mwezi wa tatu mvua zikikolea, na wakati huo bondeni hakuna mtu, tumeshavuna. Hayo yote anajua hata mtoto wa kunyonya. Mwenye kinyungu hafi njaa. Asiye nacho, mwezi wa kwanza anakwenda kwa ndugu zake na kikapu kitupu, na ndugu wanamwona tokea mbali.

Ndipo akaja Bwana Shauri mpya. Alikuwa kijana wa Kizungu mwenye masikio mekundu, hajamaliza hata mwezi Njombe. Serikali ilimtuma azunguke kwa majumbe akaulize kila sehemu ina hatari gani, ili ziwekewe utaratibu. Majumbe wa kwingine walikuwa na hatari nzuri: wengine simba, wengine nzige, wengine ndui. Jumbe wetu alikuna kichwa. Sisi tulikuwa na panya na wakwe. Akaitwa Mwalimu aje atafsiri.

Nilikuwepo, nimepeleka mayai ya Bwana. Yule kijana aliuliza kwa Kiswahili chake, "Hapa hatari gani iko?" Asubuhi hiyo sakitu ilikuwa imepiga vibaya, bonde lote jeupe, na nilimwona anavyolitazama. Alikuwa na hamu ya kwao, maskini. Macho yalikuwa yamemlowa. Mwalimu akavuta kola, akakohoa, akasema, "Theluji, Bwana. Milima ya Ukinga kule juu inajaa theluji, na mwisho wa baridi inayeyuka, na bonde hili linafurika." Jumbe aligeuka kumtazama kama mtu aliyesikia mbuzi anasoma risala. Bwana Shauri alisimama. Alisema kwao ni hivyohivyo, kwamba babu yake alipotelewa na kondoo kwa maji ya theluji, na kwamba hakujua kuna Mwafrika anayeelewa mambo haya. Wakashikana mikono. Nadhani mmoja alikuwa amepata kwao, na mwingine alikuwa amepata kitabu chake.

Amri ikatoka. Kuanzia mwezi wa nane hadi mvua za kwanza, mtu asionekane bondeni. Atakayelima atalipa faini au atafungwa. Nguzo zenye vitambaa vyeupe zikasimamishwa kandokando kuonyesha maji yatakapofika. Sisi wanawake tulikuwa tumeshachimba mifereji, mikono imeota malengelenge, mbegu ziko kwenye vikapu. Nilikwenda kwa Mwalimu, nikasimama mlangoni, nikamwambia bila kuzunguka, "Mwalimu, shikamoo. Watoto wangu watakula nini mwezi wa kumi na mbili?"

"Marahaba, Mama Lutengano," akasema. Hakuwa na furaha ya mshindi, nasema haki ya Mungu. Alikuwa amekonda. "Watakula kidogo. Lakini watakuwepo wa kula."

"Maji hayaji mwezi wa nane. Hayajawahi kuja."

"Ndiyo sababu tusiyoyazoea hutuua. Binti yangu, mimi nimesoma habari za mama aliyerudi kuchukua kikapu tu. Kikapu tu."

Ungebishana naye vipi? Nilirudi nyumbani nikalia kwa hasira. Mama mkwe akaniambia nisipoteze chumvi.

Mwezi wa nane ulipoanza kupata joto, Bwana Shauri alirudi na hema na kiti cha turubai kuja kuona mafuriko. Kijiji kizima kilipandishwa kilimani na mablanketi, kuku na wagonjwa. Tukakaa. Chini yetu mto ulikuwa mwembamba, wa kuvuka bila kupandisha nguo, na katikati yake kulikuwa na mbwa wa Jumbe amelala juu ya jiwe. Siku ya kwanza watu walikuwa kimya. Baadaye wanawake tukaanza kusuka ukili, wanaume wakaanza kucheza bao, na mtoto wangu Lutengano akaniuliza kwa sauti mafuriko ni yule mbwa au ni kitu kingine. Mwalimu alisimama ukingoni tangu asubuhi hadi jioni, hali, hanywi, anatazama Ukinga. Jasho lilimtiririka ndani ya koti.

Mwishowe Bwana Shauri alichoka na biskuti zikamwishia. Akasimama, akauliza, "Mwalimu, maji wapi?"

Wacheza bao waliinua vichwa. Mimi nilikuwa karibu, nikamtazama Mwalimu usoni, nikamwombea aseme neno moja tu: nilikosea. Neno hilo lingetosha, jioni ileile ningekuwa nimeshika jembe. Alivuta kola. Kisha akasema, "Bwana, maji yameona tumejiandaa."

Jumbe akafumba macho. Mama mkwe akasema "Ee Nguluvi", yaani Ee Mungu, na kuweka mkono mdomoni. Lakini yule kijana alilitafakari neno lile, uso wake ukafunguka polepole, akampiga Mwalimu bega. Kabisa, alisema. Watu wote wameokoka, ng'ombe wote wameokoka, hakuna hata kuku aliyekufa. Wapi pengine serikali iliwahi kuzuia maafa kwa ukamilifu namna hii? Amri ikafanywa ya kudumu. Bonde letu likapakwa rangi ya buluu kwenye ramani ya boma, na Mwalimu akapandishwa cheo, akapelekwa shule kubwa ya upande wa Makambako, kule Mahongole. Aliondoka juu ya lori amekaa juu ya masanduku yake, kola imesimama, anatupungia. Watoto walilia. Mimi sikupunga.

Mwaka huo nilikwenda na kikapu kitupu. Ndugu zangu waliniona tokea mbali. Sitaki kusimulia mwezi wa kwanza ule, isipokuwa kwamba mtoto wangu mdogo alianza kuvimba miguu, na mama mkwe alikuwa anasema ameshashiba kabla sahani haijafika kwake.

Mwaka wa pili, mwezi wa nane, mama mkwe aliamka, akachukua jembe na kushuka. Nikamfuata. Kufika bondeni tukamkuta mke mdogo wa Jumbe ameinama anapanda maboga kati ya nguzo mbili za hatari. Tukatazamana. Tukainama na sisi. Kufikia wiki ile kwisha tulikuwa wanawake wote, tukaitana mgowe, kazi ya pamoja, leo kwa huyu kesho kwa yule, na Walutheri wakapikiwa togwa na wengine wakapikiwa kinachowafaa. Jumbe alipita kilimani mara kwa mara. Alipoulizwa na tarishi wake nini kile bondeni, alisema haoni kitu, anaona maji.

Sasa sikilizeni jinsi serikali ilivyo na baraka zake. Miaka michache baadaye akaja Bwana Shamba, mkali, mwenye kaptula iliyopigwa pasi, na amri nyingine: vinyungu vyote ving'olewe, maana eti vinakausha vyanzo vya mito. Alipita mabonde ya wenzetu na vibarua wake, wakang'oa mahindi yamefika kiunoni, wanawake wamesimama wanatazama. Alipokaribia kwetu alifungua ramani. Buluu. Akamwuliza Jumbe, "Hili bonde?"

"Hilo lina mafuriko, Bwana," Jumbe akasema bila kupepesa macho. "Ni ya hatari sana. Serikali yenyewe imekataza mtu asikanyage."

Bwana Shamba akakunja ramani, akashukuru, akaenda zake Lupembe. Serikali haiwezi kuwa na mafuriko na mahindi mahali pamoja. Toka siku hiyo bonde letu lilikuwa peke yake katika nchi yote ile lililolimwa kwa raha. Wenzetu walikuja kuomba matuta, tukawagawia.

Ndipo tukaanza kubishana habari za Mwalimu. Kwenye mgowe hapakuwa na mazungumzo mengine. Mama mkwe alishikilia kwamba yule alikuwa mjinga tangu utotoni, na kwamba hata mjinga akitupa jiwe gizani huangusha embe mara moja. Mimi nilikuwa nimegeuka. Nilisema haiwezekani. Mtu aliyewashawishi wazee wetu kwa uongo ili wasichana wasome, hashindwi kumdanganya kijana wa Kizungu ili bonde lifichwe. Lazima alisikia mapema, huko misheni, kwamba vinyungu vitakuja kukatazwa. Alitutia njaa mwaka mmoja ili atupe shibe ya maisha. Kila nilivyosimulia, ndivyo alivyozidi kuwa na akili. Kufikia watoto walipokuwa wakubwa, wanawake wa bondeni walikuwa wanamtaja kwa heshima, na mmoja akampa mwanawe jina la Mwalimu. Mimi niliona aibu kwa kutompungia siku ile, nikaapa kwamba iko siku nitakwenda kumshukuru.

Siku ikafika. Mume wangu alikuwa anarudi kutoka Tanga, nikaenda kumngoja Makambako, pale malori ya Njombe na ya Iringa yanapokutana. Mwezi ulikuwa wa kumi na mbili. Nilibeba kikapu cha mahindi mabichi yaliyochumwa alfajiri na boga moja. Lori lake likachelewa, nikauliza njia, nikatembea hadi Mahongole.

Nilimkuta ameketi kwenye kiti nje ya nyumba, mgongo ukutani, anaota jua. Mkewe alikuwa ameshafariki. Koti lilikuwa lilelile, ila yeye amepungua ndani yake. Macho yalikuwa na ukungu, lakini aliijua sauti yangu kabla sijamaliza kumwamkia.

"Mama Lutengano. Wewe ndiye uliyekuwa unamaliza sentensi bila nukta."

Tukacheka. Nikamwekea kikapu miguuni. Akapapasa hindi moja, akalimenya kidogo, akalinusa, akatabasamu. Kisha mkono ukasimama.

"Mahindi mabichi mwezi wa kumi na mbili?"

"Ya kinyungu, Mwalimu," nikasema, na moyo wangu ulikuwa umejaa. "Ya bonde lako. Nimekuja kukushukuru. Tunalima humo miaka yote, wote, hakuna Bwana Shamba anayetugusa. Tunajua ulichotufanyia."

Nilingoja tabasamu la mtu aliyegunduliwa. Uso wake ulibadilika rangi. Alijaribu kusimama, akashika ukuta.

"Mnalima? Bondeni? Mwezi wa nane mko bondeni?"

"Mwalimu..."

"Mwezi wa nane ukija silali," akasema. "Miaka yote hii. Nakwenda Makambako kwa miguu kungoja malori ya Njombe, nawauliza madereva, watu wa bondeni wamepanda juu? Wananiambia wamepanda, Mwalimu, wamepanda wote. Narudi hapa nasali. Na ninyi mko humo na watoto." Alikuwa analia, machozi yanashuka hayafutwi. "Lutengano naye?"

Lutengano ndiye anayetuchimbia mifereji.

Akapiga kelele kumwita mjukuu alete viatu. Anakwenda boma, akasema, leo hii, atapata lori, atamwambia Bwana Shauri yeyote aliyepo kwamba amri haifuatwi, waje wawatoe watu kabla hawajaangamia. Na nilijua wangemsikiliza. Mzee wa Kanisa, mwalimu mstaafu, aliyepandishwa cheo na serikali kwa ajili ya bonde lilelile. Wangekuja, na wangeona mahindi badala ya maji, na Bwana Shamba angekuja nyuma yao na vibarua wake. Niliona matuta yetu yote yamelala chini. Nami ndiye niliyetembea kwa miguu yangu kuja kuyaangusha, kwa shukrani.

Hakuwa na akili ile niliyompa. Mama mkwe alikuwa amesema kweli, Mungu amrehemu. Hakuwahi kutufichia kitu. Alikuwa anatuogopea tu, miaka yote, peke yake, akiulizia habari zetu kwa watu waliomwona mwehu. Hilo liliniuma kuliko njaa ya mwaka ule.

Nikamshika mikono yote miwili, nikamrudisha kwenye kiti. Nikacheka, nikalazimisha kicheko kitoke.

"Kaa, Mwalimu. Nilikuwa nakutania. Wewe hujui utani wa wanafunzi wako?"

"Utani?"

"Nani atathubutu kushuka kule? Nyasi zimeota zimempita mtu. Nguzo zako ziko vilevile. Mwezi wa nane tunapanda wote kilimani, hata wagonjwa tunawabeba."

"Na haya?" Akainua hindi.

"Ya Usangu. Nimeyanunua pale kwenye malori."

Alinitegea sikio, anaipima sauti yangu kwa vile macho hayakumfaa. Pumzi yake ikatulia kidogo kidogo. Akafuta uso kwa mkono wa koti. "Usirudie utani wa namna hiyo," akasema. "Mtu mzima unaweza kumwua." Nikamwomba radhi. Mjukuu akaleta viatu, akaambiwa avirudishe na alete moto.

Tukachoma mahindi palepale. Alikula taratibu, punje kwa punje, kwa meno machache yaliyobaki, na alipomaliza la kwanza akaomba la pili. Akasifu utamu wake. Akasema amekula mahindi maisha yake yote, na haya yanashinda.

"Unaona Wasangu wanavyojua kulima," akaniambia. "Ninyi mngejifunza kwao."

"Ndiyo, Mwalimu," nikasema.